Oksijeni pekee haiondoi mabonge ya damu kwenye mapafu

Mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu kwenye mapafu linalotokana na mabonge ya damu ya muda mrefu anaweza kupata nafuu kwa kupewa oksijeni, lakini tiba hiyo haiondoi chanzo cha ugonjwa.

Mara nyingi mabonge hayo huanzia kwenye mishipa ya miguu na kusafiri hadi kwenye mapafu. Kwa wagonjwa wengi huyeyuka wanapotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa wachache hubaki, hugeuka makovu na kuziba mishipa, hivyo upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi hadi kuchoka.

Ugonjwa huo huthibitishwa baada ya mgonjwa kutumia dawa hizo kwa angalau miezi 3, kwa kupiga picha za mapafu na kupima shinikizo kwa mrija mwembamba unaofikishwa kwenye moyo.

Oksijeni inapopungua mwilini, mishipa ya mapafu husinyaa na shinikizo huongezeka. Kwa sababu hiyo, miongozo ya kitaalamu ya Ulaya ya mwaka 2022 inapendekeza oksijeni ya muda mrefu kwa mgonjwa ambaye shinikizo la oksijeni katika damu ya ateri liko chini ya milimita 60 za zebaki. Si kila mgonjwa anayehema huihitaji. Kipimo ndicho huamua.

Tiba yenye uwezo wa kuponya ni upasuaji wa kuondoa makovu hayo ndani ya mishipa. Asiyefaa kufanyiwa upasuaji anaweza kutanuliwa mishipa kwa puto maalumu au kupewa dawa ya riosigwati. Wote huendelea na dawa za kuzuia damu kuganda maisha yao yote, hata wanapojisikia vizuri; kuziacha bila ushauri wa daktari kunaweza kuleta bonge jipya na kuhatarisha maisha.

Anayetumia oksijeni nyumbani hapaswi kubadilisha kiwango alichopangiwa. Sigara, mishumaa na majiko viwekwe mbali, kwani oksijeni huchochea moto.

Aliyewahi kutibiwa bonge la damu kwenye mapafu na bado anaishiwa pumzi, anavimba miguu au anazimia baada ya miezi 3 anapaswa kurudi hospitalini kwa uchunguzi, badala ya kudhani kuwa ni uchovu wa kawaida.