Kansa ya utumbo ikifika kwenye ini: dawa inayopitishwa mushipa moja tu

Choo yenye damu, kwa watu wengi wa huku kwetu, ni amibe ao hemoroide. Mutu anakunywa dawa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anapofika kwa daktari amekwisha kupunguka kilo, na ekografi inaonyesha madoa kwenye ini. Familia inashangaa: kansa ilianzia utumbo, ini imeingia wapi?

Ni njia ya damu. Karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo inapita kwanza kwenye ini, kwa mushipa mukubwa unaoitwa veni porte, mbele ya kurudi kwenye moyo. Chembe za kansa zikichomoka kwenye utumbo, kituo cha kwanza ni pale.

Lakini ini iko na milango mbili. Robo tatu hivi ya damu yake inatoka kwa ule mushipa wa utumbo. Inayobaki inaletwa na arteri. Na uvimbe wa kansa ukisha kukomaa ndani ya ini, unakula hasa kwa arteri. Njo maana waganga walifikiri kupitisha dawa pale pale.

Shimioterapi ya kawaida inaingia kwa mushipa wa mukono na kuzunguka mwili muzima. Hii ingine, mupasuaji anaweka mupira mwembamba ndani ya arteri ya ini na kuufunga kwa pompi ndogo ya duara, chini ya ngozi ya tumbo. Dawa inatoka kidogo kidogo, usiku na mchana. Ile inayotumiwa sana Marekani, floksuridini, ini inaimeza zaidi ya 90 kwa 100 inapopita mara ya kwanza, kwa hiyo mwili mwingine unabakia na kidogo sana. Ufaransa, kwenye hospitali ya Gustave Roussy karibu na Paris, wanapitisha oksaliplatini bila pompi ile, kwa kifaa kidogo kilichowekwa chini ya ngozi.

Mwaka 1999, daktari Nancy Kemeny wa New York na wenzake walitoa matokeo juu ya wagonjwa waliokwisha kupasuliwa ini. Kisha miaka 2, waliopata pompi pamoja na shimio ya kawaida, 86 kwa 100 walikuwa wangali wazima. Wa shimio ya kawaida pekee, 72. Lakini dawa za kawaida nazo zimeendelea tangu wakati ule, basi hesabu hiyo isichukuliwe sawa ahadi. Tena dawa ya pompi inaweza kuharibu mifereji ya nyongo, na haigusi kansa iliyokwenda kwenye mapafu.

Hata Marekani, si kila hospitali inaifanya. Kwa hiyo mbele ya kuuza parsele juu ya safari, familia imuulize daktari: kansa iko kwenye ini pekee? Inaweza kupasuliwa? Na mugonjwa akisha kurudi nyumbani, nani atajaza pompi? Inajazwa kwa sindano kila majuma mbili hivi, na haitakiwi kukauka hata mara moja, kwani mupira unaweza kuziba.

Kwa yule ambaye damu haikomi kisha dawa ya amibe, kipimo cha kuomba kinaitwa kolonoskopi: mupira wenye kamera unaoangalia ndani ya utumbo.