Miraa na akili isiyotulia: Matatizo mawili yanayotibiwa pamoja

KIJANA wa Kinoru, mjini Meru, anayekesha akitafuna miraa huitwa mvivu aliyeharibika. Ni nadra mtu kuuliza alikuwaje alipokuwa darasa la tatu.

Swali hilo lina uzito. Kuna watoto wanaokua na tatizo la kukosa makini na utulivu, lijulikanalo kama ADHD: hawatulii kitini, husahau kazi, huwakatiza wenzao maneno. Wengi huambulia viboko tu. Wakiwa watu wazima, hatari yao ya kuwa waraibu huwa kubwa kuliko ya wengine.

Miraa, zao linalolipia karo watoto wengi wa Meru, ina kathinoni, kemikali inayoshabihiana na amfetamini, dawa ambayo Marekani hutumika kutibu ADHD. Basi mtafunaji huenda akahisi akili imetulia kwa saa chache. Kisha usingizi humpaa, na kesho yake makini hupungua zaidi. (Kukosa usingizi pekee huweza kufanana na ADHD, ndiyo maana daktari hutafuta dalili zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12.)

Kutibu uraibu pekee ni kumrejesha mgonjwa kijiweni. Yote mawili hutibiwa pamoja, kwa ushauri nasaha na dawa. Mraibu aweza kupewa atomoksetini, isiyolevya, au dawa zifanyazo kazi polepole, jamaa yake akizihifadhi.

Nao wazazi wanaohofu kwamba kumtibu mtoto ADHD kutamfanya mraibu ukubwani, utafiti haujaunga mkono hofu hiyo.