Unapanda Mlima Kenya wikendi hii? Baridi ya huko si ya Chaka, cheki hizi kwanza

Kama umekulia Chaka, pengine unadhani baridi unaijua. Mwezi wa saba unatoka nje asubuhi mdomo ukitoa moshi, na bado unaenda job. Lakini wacha nikushow: hiyo ni mchezo ukilinganisha na Point Lenana, mita 4,985 juu. Huko alfajiri maji huganda ndani ya chupa.

Na bado kuna wasee hushukia Naro Moru wakiwa na jinsi, raba na hoodie moja. Maze, hiyo ni kujitafutia.

1. Adui ni jasho
Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki skii kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, alikimbia kilomita 10 kwa theluji. Kwa mchezo kama huo unatokwa na jasho hata kukiwa na barafu, na ukisimama hilo jasho linakugandisha. Mlimani ni vile vile. Pamba na jinsi hushika maji, so vaa poliesta au sufu ndani, sweta katikati, koti la kuzuia upepo na mvua juu. Ukianza kuhisi joto, vua moja. Tembea mos mos.

2. Weka nguo kavu kando
Soksi na fulana za kulalia zifunge kwa karatasi ya plastiki. Ukifika Mackinder's Camp, mita 4,200, badilisha kabla hujakaa chini kupiga stori. Marvin na glavu usisahau. Simu ilale na wewe ndani ya sleeping bag, baridi humaliza chaji.

3. Kula, na mzinga uache nyumbani
Chapati, njugu, chai ya sukari: mwili unahitaji mafuta ya kuchoma. Pombe hukudanganya. Inapeleka damu moto kwa ngozi, unahisi fiti, kumbe joto la ndani linatoroka.

4. Jiko la makaa ndani ya hema? Zii!
Moshi wake una gesi isiyo na harufu. Mnalala wanne, hakuna anayeamka.

5. Jua dalili
Beshte yako akitetemeka sana, akiongea kama mlevi, akishindwa kufunga zipu, hiyo ni haipothemia. Akiacha kutetemeka na bado ni baridi, usifurahi, hapo ndipo kumeharibika. Mtoe kwa upepo, mvue nguo mbichi, mfunike pamoja na kichwa, mlale karibu naye. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe kinywaji moto chenye sukari. Usimsugue mikono wala miguu. Itisha msaada, na ashushwe mapema.

Lenana haiendi popote. Ukiona mwili umekataa, rudi chini. Picha utapiga siku ingine.