Kuua Vijidudu na Kuponya Mgonjwa: Mtihani wa Mwisho wa Dawa Mpya

Buseresere ni mji wa biashara katika wilaya ya Chato, mkoani Geita, unaopakana na Katoro katika ukanda wa dhahabu. Wachimbaji wadogo wa ukanda huo huteremka katika maduara kupasua mwamba, na wengine husaga mawe kwenye makarasha. Vumbi la mwamba aghalabu huwa na silika. Chembe zake zikifika mapafuni huziharibu makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu. Kwa hiyo anayelivuta vumbi hilo kwa muda mrefu hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko watu wengine.

Tiba ya kawaida ya ugonjwa huo huchukua miezi 6. Baada ya miezi 2 homa huwa imekwisha na kikohozi kimetulia. Ikivuma habari kwamba dhahabu imeonekana kwingine, mchimbaji anayejiona mzima hushawishika kuhama na kuacha dawa. Je, yaweza kupatikana dawa itakayofupisha tiba?

Vijidudu vinavyolala

Bakteria wengi wa kawaida, wakipata chakula na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria wa kifua kikuu huhitaji saa 20 hivi. Zaidi ya hayo, baadhi yao hupunguza kabisa shughuli zao, wakawa kama waliolala. Viuavijasumu vingi hushambulia kazi za seli inayokua, kama vile kujenga ukuta wake. Seli iliyolala haijengi, hivyo hunusurika. Makohozi yaweza kuonekana safi chini ya hadubini, kumbe mapafuni wamesalia bakteria wachache watakaoamka dawa ikikoma.

Hatua za majaribio

Dawa iliyofaulu maabarani na kwa wanyama hupitia hatua tatu za majaribio kwa binadamu. Katika hatua ya kwanza watu wachache hupewa dawa ili usalama wake upimwe. Hatua ya pili hutafuta kipimo kinachofaa na dalili za mafanikio. Hatua ya tatu huhusisha mamia au maelfu ya wagonjwa, nayo hulinganisha tiba mpya na ile ya zamani. Mgonjwa hupangiwa kundi lake kwa bahati nasibu. Inapowezekana, hupewa pia vidonge visivyo na dawa vinavyofanana na vya kundi jingine, ili yeye na daktari wake wasijue anatumia tiba ipi.

Afrika Mashariki ina historia ndefu katika kazi hii. Tangu mwaka 1970, Mabaraza ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza yalifanya majaribio nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wakati huo tiba ilichukua miezi 18. Wagonjwa waliopewa streptomisini na isoniazidi pekee kwa miezi 6 walipona mwanzoni, lakini zaidi ya robo yao waliugua tena. Rifampisini, iliyokuwa dawa mpya, ilipoongezwa, waliougua tena hawakufika 5 kwa kila 100. Huo ndio msingi wa tiba ya miezi 6.

Matumaini yaliyopimwa

Dawa iliyotarajiwa kufupisha tiba zaidi ilikuwa moksifloksasini. Hiyo huzuia kimeng'enya ambacho bakteria hukihitaji ili kunakili DNA yake. Katika panya iliharakisha uponaji, na kwa binadamu ilionyesha dalili njema. Kati ya mwaka 2008 na 2012, wagonjwa 1,931 wa nchi tisa, wakiwamo wa Mbeya na Moshi, waliingizwa katika jaribio la hatua ya tatu lililoitwa REMoxTB. Makundi mawili yalitibiwa kwa miezi 4 kwa mchanganyiko wenye moksifloksasini. La tatu lilipewa tiba ya kawaida ya miezi 6.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Dawa mpya ilisafisha makohozi mapema zaidi. Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa waliofuata masharti ya jaribio, tiba ya miezi 6 ilifanikiwa kwa asilimia 92, na tiba fupi kwa asilimia 85 na 80. Tangu awali ilikuwa imeamuliwa kwamba tiba fupi ikubaliwe tu ikiwapo hakika ya kitakwimu kuwa upungufu wake hauzidi wagonjwa 6 kwa kila 100. Haikukubaliwa. Kama wataalamu wangetosheka na kasi ya makohozi kusafika, wagonjwa wengi wangerudi hospitalini.

Juhudi hizo hazikupotea. Mwaka 2021 jaribio jingine, lililowahusu wagonjwa zaidi ya 2,500 wakiwamo wa Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba moksifloksasini pamoja na rifapentini, iliyo jamaa ya rifampisini, huweza kutibu kwa miezi 4 bila kupungukiwa na tiba ya miezi 6. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliikubali tiba hiyo iwe mojawapo ya zinazoweza kutumika.

Kwa mchimbaji wa Buseresere, miezi 2 inayopunguzwa ni safari moja ya machimbo inayoepukwa kabla ya kupona. Lakini aliyeandikiwa miezi 6 na aitimize yote, kwa kuwa kikohozi kutulia si ushahidi kwamba bakteria waliolala wamekwisha.