Sauti Iliyomezwa: Mwingiliano wa Masafa ya FM na Msikilizaji wa Kanyangi

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuichunguza lugha ya redio: misimu ya watangazaji, uchanganyaji ndimi, mtindo wa matangazo ya biashara. Ni nadra kuichunguza njia inayoifikisha lugha hiyo sikioni. Makala haya yananuia kufafanua mwingiliano wa masafa baina ya mitambo midogo na vituo vyenye nguvu kubwa. Hoja yetu ni kwamba kauli moja, "redio inakwaruza", huficha matatizo matatu tofauti, na asiyeweza kuyatofautisha hawezi kudai haki yake.

Mazingira ya Kanyangi

Kanyangi imo katika Kaunti ya Kitui. Magharibi yake pana uwanda wa juu wa Yatta na mto Athi, na ng'ambo ni Makueni. Mawimbi ya FM, yaliyo kati ya megahatsi 87.5 na 108, husafiri takribani kama mwanga: hayapindi sana kufuata mlima wala bonde. Mtambo ulio mita 100 juu ya nchi tambarare huona upeo wa kilomita 41 hivi; ulio mita 600 huona kilomita 100. Kwa sababu hiyo, kituo kikubwa huhitaji mitambo ya ziada ipokeayo matangazo na kuyarusha upya kwa masafa mengine. Kadiri mitambo inavyoongezeka ndivyo masafa yanavyobanana.

Aina tatu za kukwaruza

Ya kwanza ni kufifia. Mawimbi yamechoka, sauti ni ileile ila imefunikwa na mvumo. Hapa hapana mwingiliano wowote. Antena ikiinuliwa, hali huwa nafuu.

Ya pili ni kumezwa. Vituo viwili vinatumia masafa yaleyale. Kipokezi cha FM hakichanganyi sauti mbili kama sikio lifanyavyo sokoni. Hushika yenye nguvu zaidi na kuizima nyingine. Mahali nguvu zinapokaribiana, hatua chache tu hutosha kukuhamisha kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Ya tatu ni kuvuja. Kituo jirani kwenye masafa hupenyeza sauti yake, mara nyingi ikiwa imekatikakatika.

Kwa viwango vya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), ili sauti ya stirio iwe safi, mawimbi yatakiwayo yanapaswa kuyashinda mawimbi pinzani ya masafa yaleyale kwa takribani mara 5,000, hata kama mawimbi hayo pinzani hufika kwa vipindi tu. Vituo vikitengana kwa megahatsi 0.2, ushindi wa mara tano hivi hutosha. Ama kweli, hatua ndogo katika ugawaji huokoa mengi.

Nani humezwa?

Pasipo kizuizi, nguvu ya mawimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Basi mtambo wa wati 10 ulio kilomita 10 kutoka kwako na ule wa wati 1,000 ulio kilomita 100 hukufikia kwa nguvu sawa. Kilomita chache zaidi, na mdogo humezwa. Ikumbukwe kwamba redio za jamii, kama Mang'elete iliyoanzishwa na vikundi vya wanawake huko Makueni, ndizo aghalabu hutengewa nguvu ndogo.

Si kwamba mdogo ndiye mwonewa daima. Nchini Marekani, mtambo wa kurusha upya hauruhusiwi kuzidi wati 250, ilhali kituo kikuu huweza kufikia wati 100,000. Sheria huuhesabu mtambo huo kuwa wa daraja la pili, hivyo ukikidhuru kituo kikuu, ndio unaowajibika. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka idadi ya chini ya malalamiko ya wasikilizaji, kuanzia sita, na kila mlalamikaji aeleze mahali anaposikilizia na tatizo lenyewe. Kumbe ushahidi ni maelezo ya msikilizaji, nayo maelezo ni lugha.

Hitimisho

Nchini Kenya, masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mkulima wa Kanyangi akisema redio yake inakwaruza, fundi atamshauri anunue antena. Akisema, "Kituo changu kimemezwa na kingine kwenye masafa yaleyale, nikiwa mahali fulani, saa fulani," amewasilisha jambo linaloweza kupimwa. Wataalamu wa istilahi tumeunda maneno mengi ya darasani. Kufifia, kumezwa na kuvuja ni maneno ambayo tayari yamo kinywani mwa watu. Kazi iliyosalia ni kuyapa mipaka na kuyarudisha kwao, ili redio ya kijiji isinyamazishwe bila ya yeyote kuweza kusema kilichotokea.