Kuogelea Musoma na Kipimo cha Mapema

Mji wa Musoma umekaa kwenye rasi ya Ziwa Victoria, na siku za mapumziko watu huteremka ufukweni kuogelea. Hatuwakatazi, mwili nao hudai burudani. Lakini maji hayo yana kichocho cha tumbo: vimelea vichanga vitokavyo kwa konokono hupenya ngozi kwa dakika chache, hasa mchana na penye magugu.

Wahudumu wenzangu, tunakosea katika kupima. Mayai huanza kuonekana kinyesini baada ya wiki 6 hivi, na prazikwanteli haiui vyema minyoo michanga. Aliyeogelea wiki jana, leo asipokutwa na mayai, bado hajathibitika kuwa salama. Mpangie siku ya kurudi. Nawe mgonjwa, rudi hata ukijihisi mzima.