Mkopo wa Chuo Huanzia Kwenye Cheti cha Kuzaliwa

Kila orodha ya waliopangiwa mikopo inapotoka, mitaani huulizwa swali lile lile: mbona mtoto wa mwenye duka kapata, na wa mama lishe kakosa? Wengi hujijibu kwamba ni upendeleo. Mimi nahudumia wanafunzi kwenye dawati la mikopo la chuo, na ninachokutana nacho mara nyingi ni kijana mwenye shida ya wazi kabisa, ambaye shida yake haikuonekana kwa sababu vielelezo vyake havikuisema. Bodi ya Mikopo haimjui mama yako. Inajua ulichopakia kwenye mfumo, basi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Leo maombi yote hufanyika mtandaoni kupitia mfumo wa OLAMS. Dirisha hufunguliwa kwa kawaida katikati ya mwaka, na ada ya maombi ni shilingi 30,000. Mwombaji awe Mtanzania asiyezidi miaka 35, awe amedahiliwa katika chuo kinachotambulika, na asiwe na ajira au kipato cha kujisomesha. Masharti hayo hayawasumbui vijana wengi wanaotoka kidato cha sita. Kinachowasumbua ni majina.

Chukua binti ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Rehema Salum Mohamed. Alipoandikishwa shule, mwalimu aliandika Rehema Salumu. Kufika kidato cha nne, cheti cha Baraza la Mitihani kikasomeka Rehema S. Muhammed. Nyumbani hakuna anayeona tatizo, kwa kuwa wote wanajua ni Rehema yule yule. Mfumo hauna namna ya kujua hivyo. Unalinganisha herufi kwa herufi, na zikitofautiana, mwombaji huitwa kurekebisha. Hapo ndipo anahitaji hati ya kisheria ya majina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa, ambayo ina gharama na ina foleni, na dirisha la maombi halimsubiri. Nimeona vijana wakimaliza wiki za mwisho za dirisha wakikimbizana na hati ambayo wangeweza kuishughulikia wakiwa bado kidato cha tano.

Cheti chenyewe, hata kama hakina kosa, hakitoshi mpaka kihakikiwe. Kwa waliozaliwa Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na kwa waliozaliwa Zanzibar ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe vivyo hivyo. Hapa ndipo uhitaji wa kweli hupotea. Baba alifariki kijijini, akazikwa, msiba ukaisha, na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Mtoto anakuja chuoni akisema ni yatima na majirani wote ni mashahidi, lakini kwenye fomu yake sehemu ya uyatima iko wazi. Anasomwa kama mtoto mwenye wazazi wote wawili.

Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, ana fomu yake inayothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliyetoka kwenye kaya inayonufaika na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) aandike namba ya kaya, na aipate sahihi kwa mratibu, asiibahatishe. Aliyesoma shule binafsi kwa msaada wa kanisa, taasisi au mfadhili aambatishe barua ya ufadhili. Barua hii wengi huiona si muhimu, na mimi naiona ya lazima: bila hiyo, miaka aliyokaa shule ya kulipia inaonyesha kwamba wazazi wana uwezo.

Kuna namba moja pia ambayo inapaswa kulindwa, nayo ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Iliyotumika kuomba udahili ndiyo itumike kuomba mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili au zaidi. Akiombea chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine, kwenye mfumo anakuwa watu wawili, mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana maombi hana chuo. Na aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja mapema, maana mkopo hufuata udahili uliothibitishwa.

Fomu ikishajazwa huchapishwa, ikasainiwa na mwombaji na mdhamini, ikapigwa muhuri na serikali ya mtaa au kijiji na kuthibitishwa na wakili au hakimu, kisha kurasa zilizosainiwa zikapakiwa tena. Kabla hujabonyeza kuwasilisha, fungua kila picha uliyopakia uisome kwa macho yako. Muhuri uliofifia au ukurasa uliokatika pembeni hausomeki, na kisichosomeka hakihesabiwi.

Majibu hutoka kwa awamu, na kila mwombaji huyaona kwenye akaunti yake ya SIPA. Si kila aliyepata amepata vyote: kuna ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo, na viwango hutegemea uhitaji uliobainika. Aliyekosa, au aliyepata kidogo kuliko hali yake, ana haki ya kukata rufaa dirisha la rufaa likifunguliwa. Rufaa yenye maneno ya huzuni tu bila kielelezo kipya haimsaidii mtu. Leta cheti kilichokosekana mwanzo.

Sasa upo chuoni. Ada inakwenda chuo moja kwa moja. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, linaingia kwenye akaunti yako. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 kiwango chake ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500, na hulipwa kwa mikupuo. Lakini haliingii lenyewe. Kila mkupuo una siku zake za kusaini kwa alama ya kidole, na usiposaini ndani ya muda uliowekwa, fedha hurudishwa Bodi. Kuna wanaosafiri nyumbani wiki ya kusaini wakidhani rafiki atawasainia. Kidole hakisainiwi na mtu mwingine. Jiungeni na kundi la matangazo la dawati lenu la mikopo, na namba ya simu uliyoandika kwenye maombi usiitupe.

Mkopo wa mwaka wa pili unategemea matokeo ya mwaka wa kwanza. Chuo hupeleka matokeo Bodi, na anayeendelea ni aliyefaulu kuvuka mwaka. Mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, anaweza kuchelewa kulipwa hadi matokeo yake yakamilike. Anayerudia mwaka kwa kufeli husimamishiwa mkopo hadi avuke, na aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, umemwishia, huku deni likibaki palepale. Kwa sababu hiyo nawasihi wanafunzi wanaougua au waliopata ujauzito wasiache tu kuhudhuria. Ombeni kuahirisha masomo kwa barua, mpewe kibali cha maandishi na chuo, na mkirudi mtoe taarifa ya kurejea. Aliyeahirisha kwa kibali ana njia ya kurudi kwenye mkopo wake. Aliyetoweka huonekana kama aliyeacha chuo. Vivyo hivyo kwa anayehama chuo au kubadili kozi: taarifa itangulie kuhama.

Deni lenyewe hulipwa baadaye. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwaumiza wahitimu wengi kwa deni lisiloisha, ilifutwa mwaka 2021. Ni hatua niliyoifurahia sana, kwa kuwa niliwaona watu wakilipa miaka na salio likipanda.

Kwa wazazi wenye watoto wa shule ya msingi na walimu wanaowaandikisha kwa mitihani, ninalo ombi. Jina la mtoto hukaa kwenye kumbukumbu za mitihani mapema, na baada ya hapo kulibadili ni kazi kubwa. Siku ya kuandikisha, mzazi aje na cheti cha kuzaliwa mkononi, na mwalimu aandike kinachosomeka humo, herufi kwa herufi. Na familia iliyofiwa isajili kifo hicho ndani ya mwaka huo huo, hata kama mtoto bado yuko darasa la tatu.